Barossa: Bonde la wabishi, meza ya wajanja

Wiki hii hatuendi Bagamoyo wala Kigamboni. Tunaivuka Bahari ya Hindi mpaka ng'ambo yake ya pili, Australia, tena si Sydney wala Melbourne ambako kila mtu anakwenda kupigia picha. Tunashukia Adelaide, makao makuu ya jimbo la Australia Kusini, halafu tunapanda gari kwenda bonde moja linaloitwa Barossa. Huko watu wanalima zabibu, wanakamua waini, na wanakula kama vile kesho haipo.

Siku hizi si ajabu kumsikia kijana wa Sinza au wa Buruburu anasoma Adelaide, au ana dada aliyeolewa huko na anajiandaa kwenda kumtembelea. Tatizo ni kwamba wengi wakirudi ukawauliza walikula nini, wanakwambia baga. Walikunywa nini? Bia. Jamani! Kufika Adelaide ukarudi bila kuiona Barossa ni sawa na kwenda Zanzibar ukarudi bila kukanyaga Forodhani.

Basi leo safu hii inakupa mwongozo: wapi ule, nini unywe, na vipi usiumbuke mbele ya kaunta. Ila kabla ya yote shika jambo moja, kwa kuwa ndilo litakalokusaidia kuchagua. Barossa ni bonde la wabishi. Vingi vya vitu vizuri utakavyowekewa mezani kule vipo kwa sababu kuna mtu aliambiwa "acha" au "ng'oa", akagoma. Ukijua nani aligoma na kwa nini, hutababaishwa na majina makubwa wala bei za kutisha.

UNAFIKAJE?

Kutoka Dar au Nairobi huendi kwa ndege moja. Wengi hubadilishia Uarabuni, kisha wanakaza mikanda kwa safari ndefu ya kuvuka bahari. Kutoka Adelaide mpaka Barossa ni kama kilometa 70 kuelekea kaskazini-mashariki, mwendo wa saa moja kwa gari. Habari njema ni kwamba wanaendesha kushoto kama sisi. Vituo vyako vikubwa ni vitatu: Tanunda, Angaston na Nuriootpa. Ni miji midogo iliyokaribiana, na katikati yake ni mizabibu tu, mistari kwa mistari.

Majira yao yamepinduka. Desemba mpaka Februari ni kiangazi, na jua linaweza kupita nyuzi 40, utadhani umewekwa kwenye tanuri. Mavuno huanza Februari na kwenda mpaka Aprili. Machi na Aprili ndiyo miezi ya kwenda, hali ya hewa imetulia na bonde zima linanukia zabibu zinazochachuka. Ukiangukia mwaka usiogawanyika kwa mbili, karibu na Pasaka utakuta sherehe kubwa ya mavuno ambayo ilianza mwaka 1947. Juni mpaka Agosti ni baridi kweli, lakini watu ni wachache na migahawa inawasha moto wa kuni.

Onyo la uwanja wa ndege: Australia hawana mchezo na vyakula vya wageni. Dagaa, nyama kavu, mbegu, asali ya shangazi, vyote vitangaze kwenye fomu. Ukificha ukakamatwa, faini utakayolipa ingetosha kula wiki nzima. Hata viatu vyenye udongo wa shamba ni vya kutangaza, na baadaye kidogo utaelewa kwa nini jimbo hili linaogopa udongo kuliko jambazi.

WABISHI WA KWANZA

Jina lenyewe lina kisa. Kanali William Light, aliyeupanga mji wa Adelaide, alipigana vita Hispania mwaka 1811 mahali panapoitwa Barrosa. Akalipa bonde hili jina hilo, ila kwenye maandishi herufi zikachanganywa na kosa likabaki mpaka leo. Ardhi ilikuwa na wenyewe tayari, watu wa Peramangk, Ngadjuri na Kaurna, na hao hakuna aliyewaomba ruhusa.

Walowezi walioipa Barossa ladha yake walikuwa Walutheri kutoka Prussia, wengi wao wa Silesia. Mfalme wao, Friedrich Wilhelm III, alitaka makanisa ya Kiprotestanti yaungane na watu wote wasali kwa ibada moja aliyoipitisha yeye. Wakakataa. Wachungaji wakatiwa ndani, waumini wakasumbuliwa, lakini wapi. Tajiri mmoja wa Kiingereza, George Fife Angas, akawakopesha nauli, na kuanzia mwaka 1838 wakaanza kuingia Australia Kusini. Mwaka 1842 wakaanzisha kijiji cha Bethany, makazi ya kwanza ya Wajerumani ndani ya bonde. Na Angaston, kama ulivyokwisha kubahatisha, ni mji wa jina la yule tajiri.

Wakulima hawa walikuja na mikate yao, nyama za kukausha kwa moshi na achari za matango. Ndiyo maana ushauri wetu wa kwanza wa chakula si hoteli ya nyota tano. Ni bekari. Pale Tanunda kuna Apex Bakery, imesimama tangu mwaka 1924 na bado inachoma mikate kwa tanuri la kuni. Nenda asubuhi na mapema, chukua mkate wa moto na pai ya nyama, utembee nao barabarani bila aibu. Angaston kuna bucha la Schulz, linalosifika kwa nyama ya moshi. Waulizie mettwurst, soseji nene ya kukaushwa ambayo unaikata vipande vyembamba na kula na jibini.

Wasioshiriki kitimoto wawe macho, kwa sababu soseji nyingi za huko ni za nguruwe. Uliza kabla ya kutia mdomoni. Na kama hunywi kabisa, usidhani bonde halikuhusu. Nje kidogo ya Nuriootpa, kando ya bwawa, kuna duka la shambani la Maggie Beer, mama aliyefungua mgahawa wa ndege wa kufuga na mumewe mwaka 1979, akaufunga mwaka 1993 ukiwa bado na jina kubwa. Mwaka 2010 alitunukiwa heshima ya Mwaustralia Mzee wa Mwaka. Yeye ndiye aliyewafundisha wenzake kupikia maji ya zabibu mbichi. Hayana kilevi hata tone, ni makali kama ndimu lakini kwa upole. Kuku akimwagiwa hayo kwenye kikaango, wewe mwenyewe utaomba kuongezwa.

Ukiwa huko Jumamosi, usilale. Soko la wakulima la Angaston linaanza asubuhi na kabla ya saa sita mchana limekwisha. Mayai, mboga, matunda, mkate, kahawa, vyote vinauzwa na aliyevilima au kuvitengeneza. Beba mfuko, maana hapo ndipo chakula chako cha mchana kinapopatikana kwa bei ya kibinadamu.

SHOKA LILIPOKUJA

Sasa tuingie kwenye waini. Kule Ulaya, karne ya 19, mdudu mdogo anayekula mizizi ya mzabibu, anaitwa phylloxera, aliteketeza mashamba nchi baada ya nchi. Australia pia alifika, katika majimbo ya Victoria na New South Wales. Australia Kusini wakafunga mlango kwa sheria mwaka 1899, na hawajaufungua. Ndiyo ile habari ya viatu vyenye udongo. Matokeo yake, mizabibu iliyopandwa na wale wabishi bado imesimama kwa mizizi yake yenyewe. Langmeil, pale Tanunda, wana shamba la Shiraz lililopandwa mwaka 1843. Fikiria hilo. Treni ya Uganda haijajengwa, Berlin haijagawa Afrika, na mti ule ule unaozaa leo ulikuwa tayari ardhini.

Mzabibu mzee hauzai sana. Vichala vichache, punje ndogo, lakini ladha yake ni nzito, kama mchuzi ulioachwa jikoni kwa moto mdogo mpaka ukakolea. Kwa mlevi hilo ni raha. Kwa mhasibu ni hasara. Ilipofika miaka ya 1970 na 1980, wanywaji wa Australia wakahamia kwenye mvinyo mweupe, zabibu nyekundu zikakosa mnunuzi. Msomaji wetu wa Dodoma anaujua uchungu huo, zabibu zimeiva, gari la kuzibeba halionekani. Katikati ya miaka ya 1980 serikali ikaja na dawa yake: ng'oa mizabibu, tukulipe. Wengi wakang'oa, na Shiraz na Grenache za zamani zikawa za kwanza kukutana na trekta, kwa vile ndizo zilizozaa kidogo.

Hapo wakatokea wabishi wa awamu ya pili. Peter Lehmann alikuwa mtengeneza mvinyo wa kampuni moja bondeni. Mwishoni mwa miaka ya 1970 mabosi wakamwambia asinunue zabibu za wakulima. Yeye alikwisha kuwapa mkono kwamba atanunua, na kule kupeana mkono kulikuwa ndiyo mkataba. Akaona bora kuacha kazi kuliko kuvunja neno. Mwaka 1979 akaanzisha kiwanda chake, akakipa jina la Masterson, mcheza kamari wa kwenye tamthilia moja ya muziki, kwa sababu alijua anacheza kamari. Kamari ikajibu. Alifariki mwaka 2013, kampuni ilikwisha kwenda mikononi mwa wengine, lakini jina lake bado liko kwenye chupa.

Robert O'Callaghan naye akafungua Rockford mwaka 1984, yaani wakati ule ule wa mashoka, akitumia mashine kuukuu ambazo viwanda vikubwa vilikuwa vinazitupa. Charlie Melton akashika Grenache ambayo hakuna aliyeitaka. Hawa na wenzao wakawaambia wakulima: usiing'oe, nitakulipa zaidi. Mwaka 2009 bonde likaweka utaratibu wa kuipa mizabibu vyeo kwa umri: miaka 35, miaka 70, miaka 100, na ule uliopita miaka 125 unaitwa Babu. Kule shambani kuna mababu, msomaji, na bado wanafanya kazi.

CHUPA TANO ZA KUTAFUTA

Kwanza, Riesling ya Eden Valley. Eneo hili liko kwenye vilima vya mashariki, juu na penye ubaridi kuliko bondeni. Pewsey Vale ni shamba lililopandwa mwaka 1847, likafa, likafufuliwa mwaka 1961. Mvinyo wake ni mweupe, mkavu, unanukia ndimu. Si mtamu, kwa hiyo wale mliozoea waini kama sharubati mjiandae. Huo ni wa samaki na wa pilipili.

Pili, Grenache ya mizabibu mizee. Kwa Charles Melton ulizia Nine Popes, mchanganyiko wenye Grenache ndani yake. Jina hilo ni utani, limetokana na kutafsiri vibaya jina la mvinyo mmoja maarufu wa Ufaransa, wakapata mapapa tisa wasiokuwepo. Rangi yake si nzito sana, lakini una harufu ya matunda na viungo. Ni wa kuku wa kuchoma.

Tatu, Shiraz, mfalme wa bonde. Mwenye mfuko wa kawaida aanze na chupa za kawaida za Peter Lehmann. Mwenye nafasi aulizie Basket Press ya Rockford, na mwenye jambo la kusherehekea aonje Freedom ya Langmeil, ile ya mizabibu ya 1843. Shiraz inataka nyama. Mbuzi wa kuchoma angekuwa mahali pake, lakini kondoo wa kule hatakuangusha.

Nne, Shiraz yenye povu. Ndiyo, nyekundu na inatoa mapovu kama soda. Wageni huicheka mpaka waionje. Wenyewe huinywa Krismasi, jua likiwaka, na nyama ya baridi mezani.

Tano, na hii usiikose, ni ile ya Seppeltsfield. Kiwanda hiki kilianzishwa mwaka 1851. Mwaka 1878 Benno Seppelt alitenga pipa la lita 500 la mvinyo mtamu mzito, akaamuru lisiguswe kwa miaka 100. Watoto wake wakatii, wajukuu wakatii, na kila mwaka pipa jingine likaongezwa. Mwaka 1978 la kwanza likafunguliwa, na tangu hapo kila mwaka wanatoa mvinyo wenye umri wa miaka 100. Ukiweka nafasi mapema na kulipia, unaingizwa ghalani na kuonjeshwa kutoka pipa la mwaka uliozaliwa wewe. Mvinyo wenyewe ni mweusi, mzito, unanata kwenye glasi kama asali. Huunywi kwa pupa. Unaulamba.

Njia ya kwenda huko ina mitende zaidi ya 2,000. Wakati uchumi wa dunia ulipoanguka miaka ya 1930, familia ile haikuwafukuza wafanyakazi wake. Iliwabakiza, wakapewa kazi ya kupanda mitende. Wabishi tena.

MEZANI

Sasa tukae. Kitu cha kwanza kujua ni kwamba Barossa ni mahali pa chakula cha mchana kuliko cha usiku. Jikoni nyingi hufunguliwa siku chache za wiki, hasa kuanzia Alhamisi mpaka Jumapili, na saa tatu usiku mitaa imelala. Piga simu kabla. Usijitokeze Jumanne usiku na watu sita ukategemea kupata meza.

Mgahawa wa Hentley Farm uko ndani ya banda la farasi la zamani lililokarabatiwa, jirani na Seppeltsfield. Pale huchagui. Wao wanakuletea sahani moja baada ya nyingine, ndogo ndogo, vingi vikiwa vimetoka shambani na kwa majirani. Ni ghali na ni saa tatu za kukaa kitini. Ni mahali pa siku moja tu katika safari, si kila siku.

Anayetaka nyama ya kueleweka, meza yenye kitambaa cheupe na orodha ndefu ya waini za bondeni, aulizie Vintners Bar & Grill nje ya Angaston. Hapo mara nyingi jirani yako mezani ni mtu aliyeitengeneza chupa unayoinywa. Sikiliza maongezi yao, utajifunza mengi kuliko kwenye kitabu.

Na kama umechoka na nyama na viazi, fahamu kwamba mwaka 2010 mpishi Tuoi Do, mzaliwa wa Vietnam, alifungua fermentAsian pale Tanunda. Wengi waliguna: mchele na mchuzi wa samaki kwenye bonde la soseji? Jibu likatoka kwenye glasi. Riesling ya Eden Valley na chakula chenye pilipili, tangawizi na majani mabichi vinakwenda pamoja kama wali na maharage. Mtu wa pwani aliyezoea ukwaju na pilipili mbuzi ataelewa haraka kuliko Mzungu.

Siri ya wajanja ni hii: Australia migahawa mingi inaruhusu mteja kuja na chupa yake. Unalipa ada ya kufunguliwa tu. Kwa hiyo unanunua chupa yako kiwandani mchana, jioni unaibeba mgahawani, unakula kifalme kwa mshiko mdogo. Uliza wakati unaweka nafasi, usije ukaitoa kwenye mfuko kama mwizi. Na bakshishi si lazima. Ukiridhika acha, usiporidhika hakuna atakayekununia.

USTAARABU WA KAUNTA

Kila kiwanda kina chumba cha kuonjea. Unakaa au unasimama, mhudumu anakumiminia vidogo vidogo, kuanzia mweupe mpaka mwekundu, mwisho mtamu. Sehemu nyingi wanatoza ada, na baadhi wanakurudishia ukinunua chupa.

Wengi hapa huogopa wataonekana washamba. Ondoa shaka. Huhitaji kusema unasikia harufu ya ngozi ya farasi na tumbaku. Zungusha glasi, nusa, onja, sema ukweli: "Huu umenipendeza, ule mkali." Mhudumu atajua akupe nini kinachofuata. Ile ndoo iliyo kaunta ni ya kutemea, na kutema ndiyo alama ya mzoefu. Anayemeza kila tone ndiye mgeni.

Hili la kutema si mapambo. Sheria yao kwa dereva ni 0.05, na mwenye leseni ya kujifunza au ya muda haruhusiwi hata tone. Trafiki anaweza kumsimamisha yeyote, saa yoyote, akapulizishwa kipimo, wala usijaribu kumwambia "tuyamalize". Piga hesabu mwenyewe. Shiraz ya Barossa huwa na kilevi cha asilimia 14 hadi 15. Miminio tatu za mililita 30 tayari ni kipimo kizima kwa hesabu za Australia. Ukimeza waini sita kwenye kiwanda kimoja, ukatembelea viwanda vitatu, umekwisha kunywa vipimo sita na jua bado liko juu. Na jioni kangaruu huruka barabarani bila taarifa. Kwa hiyo, ama dereva wenu asiguse kabisa, ama mkodi gari na dereva, ama mchukue baiskeli kwa vituo vya karibu. Hakuna Shiraz yenye thamani ya jeneza.

MPANGO WA SIKU TATU

Siku ya kwanza, bakia Adelaide. Asubuhi zunguka Soko Kuu la mjini, ambalo limekuwepo tangu 1869, ule huko huko. Mchana nenda Magill, kama kilometa 8 tu kutoka katikati ya mji, kwenye nyumba ya Penfolds. Hapo Max Schubert alianza mwaka 1951 kutengeneza Grange. Mabosi wakaionja, wakaiponda, mwaka 1957 wakamwamuru aache. Akaendelea kwa siri, akificha mapipa gizani, mpaka mwaka 1960 walipogeuza kauli na kumwomba aendelee. Leo chupa mpya moja inakaribia dola 1,000 za Australia. Huna haja ya kuinunua. Kisa ni bure, na waini zao za chini zinaonjeka.

Siku ya pili, Barossa upande wa Tanunda: bekari asubuhi, Langmeil, Rockford, chakula cha mchana kirefu, kisha Seppeltsfield kabla ya jua kuzama. Vituo vitatu vinatosha. Anayekwenda saba hakumbuki hata kimoja.

Siku ya tatu, ikiwa Jumamosi, anza na soko la Angaston, pita bucha, ingia Yalumba. Hiki kilianzishwa mwaka 1849 na bado ni cha familia, tena wanatengeneza mapipa yao wenyewe. Maliza kwa Maggie Beer na kapu la chakula kando ya bwawa.

Ukinunua chupa za kurudi nazo, zifunge vizuri ndani ya begi kubwa. Ukifikisha dola 300 duka moja ndani ya siku 60 kabla ya kuondoka, tunza risiti. Uwanja wa ndege wanakurudishia sehemu ya kodi.

SHOKA LIMERUDI

Usidhani kisa cha mashoka ni cha zamani tu. Mwishoni mwa mwaka 2020 China iliweka ushuru uliopita asilimia 200 kwa waini ya Australia, na China ndiyo ilikuwa mnunuzi mkubwa. Ushuru ukaondolewa Machi 2024, lakini matangi yalikuwa yamekwisha kujaa. Wakulima wa zabibu nyekundu, hasa wa Riverland, upande wa mashariki wa jimbo hilo hilo, wakaanza tena kung'oa kwa sababu bei hailipi hata gharama ya kuvuna.

Ndiyo maana tunakwambia, ukifika kule usimalizie hela zako kwenye duka kubwa la mjini linalouza chupa kwa bei ya maji. Nenda kiwandani, uliza zabibu zimetoka kwa nani na mizabibu ina umri gani, kisha nunua hata chupa moja. Peter Lehmann hakuokoa bonde kwa hotuba. Alinunua zabibu wakati hakuna aliyezitaka, na wewe kwa chupa yako moja unafanya kile kile, kwa kiwango cha mfuko wako.

Haya, kazi kwako. Weka nafasi, tafuta dereva asiyekunywa, na dagaa waache nyumbani.